Kabati limejaa, sherehe tatu, na sina cha kuvaa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Tabata, Dar es Salaam, na ni keshia kwenye kampuni moja ya hapa mjini. Nina mume na watoto wawili. Ninachokuandikia huenda utakiona kidogo, lakini kimenikosesha usingizi wiki nzima.

Desemba hii nina shughuli tatu. Ya kwanza ni sherehe ya ofisini ya kufunga mwaka, jioni, ukumbini, na tumeambiwa rangi ni nyeusi na dhahabu. Ya pili ni Krismasi yenyewe. Sisi ni watu wa Marangu, kwa hiyo tunapanda nyumbani kuhesabiwa kama kawaida: kanisani asubuhi, halafu kihambani kwa baba mkwe pamoja na ukoo mzima. Ya tatu ni send-off ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tarehe 27, Moshi mjini. Kamati imetangaza sare ya rangi ya damu ya mzee. Kitambaa ni shilingi 95,000, na fundi waliyemchagua wao anashona kwa 60,000. Mchango wangu nilishatoa tangu Oktoba.

Mimi na mume wangu tulikaa tukapiga hesabu. Mshahara wa Desemba unatoka tarehe 20, na ukishatoka huo hakuna mwingine mpaka Januari iishe, siku kama arobaini. Hapo katikati kuna ada, madaftari, na kodi ya nyumba ya miezi sita. Watoto tumeshawanunulia nguo za sikukuu, na hilo hatukubishana. Tukakubaliana wakubwa mwaka huu tutavaa vilivyomo ndani. Nilikubali kwa moyo mmoja, Shangazi. Kisha nikafungua kabati.

Kuna gauni la harusi ya kaka yangu ya 2022, la lesi, refu mpaka chini. Bahati nzuri ni damu ya mzee, ila tangu nimzae wa pili linanibana ubavuni. Kuna la harusi ya wifi yangu ya 2018, satini ya kijani, mkia wa samaki, bado limo kwenye mfuko wa rambo. Kuna sketi na blauzi za kitenge za kipaimara cha mtoto wa kaka, rangi ya bluu na manjano. Kuna suti nyeusi ya kazini, yaani koti na suruali, na sketi nyeusi niliyoinunua baadaye. Mashati ya kazini meupe matatu. Pisi nzima ya kitenge aliyonipa mama mkwe siku ya ndoa, haijawahi kuguswa. Mtandio wa dhahabu unaong'aa wa kitchen party fulani. Viatu vya dhahabu vya kuchuchumia vya harusi yangu, viko kwenye boksi lake tangu 2016. Doti saba za khanga, moja kanipa huyo huyo wifi, imeandikwa "Hasidi hana sababu", mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Vilivyobaki ni dera, jinzi na fulana za nyumbani.

Sasa kinachoniuma. Lile gauni la lesi nililivaa tena mwaka jana kwenye kipaimara kingine, na wifi akasema mbele ya watu, "Wifi, hilo gauni sasa linajua njia ya ukumbini lenyewe." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku nililia.

Nimeshawaza kuazima kwa rafiki, na nimewaza hata kuchukua mkopo mdogo kwenye kikoba. Nifanyeje?

Mwenye Kabati, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Mkopo wa kikoba una riba, na gauni halizai. Hilo liishie hapo. Kuazima nako mimi sikupendi kwa sherehe zenye mchuzi na watoto. Nguo ya mtu unaivaa umejishika, hukai, hulishi mtoto, huchezi. Utarudi nyumbani umechoka kuliko aliyekuwa jikoni.

Orodha yako nimeisoma mara mbili. Unajua nimegundua nini? Karibu kila nguo umeitaja kwa jina la shughuli. Gauni la harusi ya kaka. La harusi ya wifi. Za kipaimara. Suti ya kazini, mashati ya kazini, viatu vya harusi yangu. Ndiyo maana unafungua kabati lililojaa halafu unaona hamna kitu: harusi zimeisha, kipaimara kimeisha, na kazini si sherehe. Umezifunga nguo kwenye siku zilizopita. Mimi nilishonea watu miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na sisi mafundi tunalitazama gauni kwa macho mengine: hii lesi yadi ngapi, hili koti limekaa vipi mabegani, hii sketi inaweza kwenda na nini. Nataka ulitazame kabati lako hivyo kwa siku moja tu.

Chagua Jumapili mchana, watoto wakiwa nje. Mwaga kila kitu kitandani, ikiwemo suti ya kazini. Vaa moja moja mbele ya kioo, na sidiria utakayovaa siku yenyewe, maana blauzi ile ile hubadilika ukibadili ya ndani. Kisha usisimame tu kama sanamu. Kaa kwenye kiti. Inua mikono juu kama unacheza. Inama kama unamwamkia bibi. Nguo ikikataa kimojawapo, ujue itakukatalia mbele ya watu.

Tuanze na ofisini, maana ndiyo ya kwanza na ndiyo rahisi, ingawa wewe unaiona ngumu. Nyeusi unayo, dhahabu unayo. Vaa suruali na koti la suti, ndani singlendi nyeusi, koti ulifunge vifungo liwe ndiyo blauzi yako. Ukumbini kutakuwa na kiyoyozi. Njiani, na joto hili la Desemba, libebe mkononi. Nimechagua suruali na si ile sketi kwa sababu mbili. Utacheza. Halafu sketi umeinunua baadaye, na weusi wa nguo mbili zilizonunuliwa siku tofauti mara nyingi haufanani. Nguo nyeusi ikianikwa juani inaanza kwenda kwenye wekundu au kijivu, na kwenye taa ya chumbani huoni kitu, unakuja kuona kwenye picha. Zipeleke dirishani asubuhi uzilaze pamoja. Hata suruali na koti uzipime hivyo hivyo, maana suruali hufuliwa zaidi ya koti.

Sasa vifungo. Hapa ndipo nataka utoe hela, na ni hela ya chipsi. Koti la kike la suti kwa kawaida lina kimoja au viwili mbele na vichache kwenye kila mkono. Kata kifungo kimoja cha mbele na kimoja cha mkononi, nenda navyo Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, utafute vya dhahabu vya ukubwa huo huo. Usikadirie kwa macho: kikizidi hakitaingia tunduni, kikipungua koti litafunguka lenyewe. Kaa jioni moja na sindano uvishone. Koti la keshia halitakuwepo tena, na Januari ukitaka unarudisha vya zamani. Ule mtandio wa dhahabu ukunje kwa urefu mpaka upana wa vidole vinne, uuzungushe kiunoni juu ya koti, fundo likae ubavuni, ncha uzifiche. Ukiona tumbo halitaki mkanda (mimi langu lilishakataa), upige kilemba. Kilemba au mkanda, chagua kimoja. Ukifanya vyote viwili na vifungo na hereni kubwa, utafanana na boksi la zawadi.

Send-off. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili la nguo limeshikana na la watu.

Bibi harusi ni mdogo wako wa damu, mtoto wa mama mdogo. Huwezi kufika na nguo ya rangi nyingine ukajifanya hukusikia. Lakini pia hulazimiki kununua kitambaa kile kile kama rangi unayo. Kosa ambalo watu hufanya ni kuandika kwenye grupu la kamati, "Naomba kujua kama ni lazima sare," halafu watu sitini wanaanza kukujibu, nusu yao hawakujui. Mpigie mama mdogo. Piga asubuhi kabla simu zake hazijaanza. Mwambie, "Mama mdogo, shikamoo. Mchango wangu mmeupata? Sasa kuhusu sare, gauni la damu ya mzee ninalo zuri, nalipeleka kwa fundi lifanywe upya. Nilitaka nikwambie mwenyewe usije ukashangaa." Humuombi, unamwarifu kwa heshima, na umemkumbusha mchango bila kuutaja kiasi. Akisisitiza kabisa kwamba dada wa bibi harusi lazima awe na kitambaa chenyewe, basi nunua yadi moja au mbili za kilemba na mtandio wa begani. Kitambaa hukatwa kwa yadi, hakuna aliyekulazimisha kununua cha gauni zima. Kwenye picha utaonekana nao.

Gauni lenyewe sasa. Ligeuze ndani nje, uangalie mishono ya ubavuni. Fundi mwenye akili huacha ziada ya kitambaa ndani, vidole viwili hivi kila upande. Ikiwepo, umeokoka: atafumua na kuachia. Lesi ina sifa moja nzuri, ukiifumua alama za sindano za zamani hupotea ndani ya maua yake. Satini haina huruma hiyo. Kila tundu la sindano linabaki kama kidonda, kwa hiyo lile la kijani mtu asikudanganye kwamba ataliachia. Na usisahau bitana. Mafundi wavivu huachia lesi, bitana wanaiacha ilivyo, ukikaa inapasuka ndani unasikia sauti. Kama ziada haipo, apachike ubavuni kipande cha bitana ya rangi hiyo hiyo kuanzia kwapani hadi nyongani, upana kadiri linavyokubana, akikipunguza kuelekea chini. Mkono ukishuka hakionekani.

Halafu nataka lifupishwe lifike katikati ya muundi. Gauni refu la lesi ndilo watu wanalolikumbuka. Likifika hapo linakuwa gauni jingine. Ila sikiliza vizuri, na umwambie fundi mara mbili: asikate chini. Lesi nyingi za sherehe zina pindo lenye mawimbi, na hilo ndilo ulilolipia. Akikata chini amelitupa, atabaki anapinda kama pazia la dirisha. Afumue kiunoni, apunguze kwenye kiuno, airudishe sketi juu. Kazi inaongezeka kidogo na atalalamika. Mlipe. Kile kipande kitakachotoka kiunoni kinatosha kubadili mikono, kama ni mifupi iongezwe, au apige kola ndogo shingoni.

Mpelekee kabla ya tarehe 10. Desemba fundi cherehani ana magunia ya nguo za watu, na kila mmoja kaambiwa "njoo kesho". Ukimpelekea gauni jipya la kushona tarehe 15 utalipokea Januari. Kazi ya kufumua na kuachia anaweza kuifanya ukiwa umekaa pale kwenye benchi, na nakushauri ukae.

Lile la kijani liache. Si kila nguo huokolewa. Limekaa kwenye rambo tangu 2018, na mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo hata huo mfuko wenyewe ni kumbukumbu. Plastiki hufungia unyevu, na kwa hewa ya Dar usishangae ukikuta madoa ya ukungu. Litoe, lianike kivulini, uamue mambo yake baada ya sikukuu. Nguo nyingine zenye harufu ya kabati au naftalini zitundike nje kivulini siku mbili. Ukitaka kuzifukiza udi, fukiza kitenge na khanga za pamba. Satini, na lesi nyingi za madukani, zina nyuzi za plastiki, na kaa moja la chetezo likiruka linatoboa.

Krismasi ndiyo niliyoifurahia. Una pisi ya kitenge ya mama mkwe, umeitunza tangu 2016, na unakwenda kwake. Unasubiri nini? Usimpe fundi yote, nimeshakwambia habari za mafundi. Kata yadi mbili tu. Ziloweke peke yake kwenye maji ya baridi usiku mmoja, zitoe wanga wa kiwandani na rangi ya ziada, maana kitenge kipya kikikutana na jasho kitachora ramani kwenye shati lako jeupe. Anika kivulini, pinda ncha mbili kwa mkono au cherehani ya jirani. Kisha jifunge kama sketi ndefu, gagulo ndani, ncha iangukie upande wa kushoto, uishike kwa pini mbili kwa ndani. Juu vaa shati jeupe la kazini, uchomekee, mikono uikunje mpaka kwenye kiwiko, kola uisimamishe kidogo. Shati kama lina njano ya jasho kwapani, chukua la mume. Hata likiwa kubwa linakaa vizuri na kitenge. Yadi nne zilizobaki zitakusubiri mpaka Pasaka, wakati fundi ana nafasi na anakubembeleza wewe.

Siku inayofuata, tarehe 26, wageni wakiwa bado wanakuja, vaa ile blauzi ya kitenge ya bluu na manjano juu ya jinzi. Sketi yake iache Tabata. Wanaoijua wameijua kama pea, wakiona blauzi peke yake na jinzi watakuuliza umeshonesha wapi.

Kuhusu viatu vya dhahabu nina wasiwasi. Tangu 2016 kwenye boksi! Watu hudhani kiatu kisichovaliwa hakizeeki. Soli nyingi za kisasa ni za povu gumu, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa likiwa limekaa kimya, tena hasa likiwa limekaa kimya. Kwa nje kinang'aa, ndani kimeshakuwa biskuti. Nilishamwona mama mmoja akiingia ukumbini na bibi harusi, na nyuma yake vipande vya soli vikidondoka kwenye zulia kama anapanda mbegu. Vivae leo, tembea navyo nyumbani nusu saa, panda ngazi kama zipo, bonyeza soli kwa kidole gumba. Zikimeguka, fundi viatu abandike nyingine mapema. Zikiwa nzima, asubuhi ya send-off beba na ndala kwenye mkoba, usione aibu. Saa nne usiku nusu ya meza itakuwa imevua.

Nimefika kwa wifi yako.

Sisi tumelelewa tukijua sikukuu ni nguo mpya. Mimi nilikuwa nanunuliwa gauni moja la Krismasi, kubwa makusudi ili nilikulie, mama analipinda chini na kila Pasaka analishusha kidogo. Kwa hiyo nguo ya zamani siku ya furaha inatuchoma mahali pa utotoni, na wifi kagusa pale pale. Pengine alitania tu. Mawifi wana leseni hiyo. Lakini hukukosea kulia, na hukukosea kucheka mbele za watu. Ambacho sikitaki ni ufike Moshi umejikunyata, unamkwepa ukumbi mzima, unajifunika mtandio kwenye gauni uliloligharamia. Hapo utakuwa umemsaidia kusema.

Akirudia, usimtolee maelezo ya ada na kodi. Mwangalie, tabasamu, mwambie, "Ndilo lile lile wifi, limerudi kwa fundi likapunguzwa. Unalionaje kiunoni?" Mgeukie kabisa alione. Mtu akiulizwa maoni ya kiunoni hana pa kukimbilia, itabidi alitazame gauni na aseme neno la gauni. Tena huenda akakuuliza fundi wako ni nani. Mpe namba.

Lesi usiikunje kwenye begi la basi. Iviringishe ndani ya khanga, iwe juu ya vingine vyote, na ukifika Marangu itundike usiku huo huo. Pasi ipite kwa ndani, moto mdogo, na kitambaa cha pamba katikati. Khanga moja iwe mkononi kwa baridi ya jioni ya mlimani. Na doti mpya kuliko zote ibebe ya kumtunza mdogo wako siku ya send-off, ila usome maandishi kwanza.

Ile ya "Hasidi hana sababu" ibaki Tabata.